Kwenu Hakuna Mawe?

Mtu anayejenga nyumbani akiwa mbali hupiga hesabu ya tofali, saruji, nondo, bati na vigae. Uwanja haumo kwenye hesabu hiyo. Hukumbukwa mwishoni, siku fundi anapotuma video ya nyumba iliyokwisha kupakwa rangi, nawe unaona kwamba mbele ya mlango pana mchanga mtupu, vipande vya mbao na mifuko ya saruji iliyoganda. Hapo ndipo wengi wetu tulioko Guangzhou huingia mtandaoni kutafuta picha za bustani, na picha hizo karibu zote zina mawe: meupe ya mviringo kando ya njia, meusi yanayong'aa kuzunguka mti, changarawe ya rangi ya asali mbele ya baraza. Yanapendeza. Tena tunaishi katika nchi inayoyauza kila kona.

Uwanja wetu sisi uko Kibada, Kigamboni. Nyumba tumemjengea mama yangu, ambaye ametimiza miaka 72, anatembea kwa mkongojo na ana sukari. Mume wangu, Baba Zuhura, ni wakala wa mizigo. Kazi yake ni kujaza makontena ya wafanyabiashara wa kwetu na kuyasafirisha Dar es Salaam. Alipoiona video ya fundi alisema jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake ni la kawaida kabisa: tununue mawe hukuhuku, tuyalaze chini ya kontena, mama apokewe na uwanja mweupe kama wa hoteli. Mimi sikuwa na neno. Nilitaka tu kuyaona kwanza.

Mawe ya bustani hapa tunayafuata Fangcun, kusini-magharibi mwa jiji, ng'ambo ya mto Zhujiang. Ukitokea kwetu Xiaobei unaunganisha treni za chini ya ardhi mpaka ufike laini namba 1, kisha unashuka Huadiwan. Eneo lile limelima na kuuza maua tangu enzi za zamani, na hata hilo jina Huadi maana yake ni ardhi ya maua. Unapita wauza okidi na samaki wa mapambo, unafika kwa wauza vyungu, na nyuma ya vyungu ndipo yalipo mawe, mengine kwenye mifuko ya kilo 25, mengine yamemwagwa chini mafungu mafungu. Yale ya mviringo Wachina huyaita eluanshi, mawe ya mayai ya bata bukini. Huuzwa kwa jin, yaani nusu kilo, kama mchicha.

Nilitumia mchana mzima pale, na niliyoyaona nayaandika kwa faida ya yeyote anayepanga kununua mawe, awe huku au huko nyumbani.

Kwanza, si kila jiwe la mviringo limetoka mtoni. Mengi hupasuliwa machimboni, kisha huzungushwa kwenye mapipa ya mashine mpaka kona zake ziishe. Hayo si mabaya, ila jiwe la mtoni limekwisha kupimwa na maji. Lililokuwa laini lilisagika zamani likawa mchanga. La mashine halijapimwa na chochote. Jambo la pili ni rangi. Buluu, waridi na kijani kikali ni rangi za kupakwa, na jua la pwani litazimaliza kabla ya masika ya pili. Lowesha kitambaa cheupe, usugue jiwe kwa nguvu, utaona kitambaa kinasema nini. Hata yale meusi yanayong'aa, mara nyingi kinachong'aa ni mafuta au nta. Lioshe kwa sabuni, lianike, ulitazame kesho yake likiwa kavu. Hiyo ndiyo sura utakayoishi nayo.

Tatu ni siki, na hili ndilo nililolipenda zaidi. Kwaruza jiwe jeupe kidogo kwa msumari, dondoshea siki nyeupe palipokwaruzwa, uchungulie kwa karibu. Likitoa vipovu vidogo, hilo ni marumaru au jamii ya chokaa. Lisipotoa chochote, na kona yake ikaweza kukwaruza chupa, basi ni gumu, la jamii ya kwatzi. Tofauti yake utaiona baada ya mwaka. Jiwe la chokaa hunywa unyevu, likikaa chini ya mti linaota ukijani na linafifia. Hapa Guangzhou huhitaji kusubiri mwaka: mwezi wa tatu, upepo wenye unyevu unapoingia kutoka kusini, kuta za ndani hutoka jasho na nguo hazikauki kwa wiki nzima. Mawe meupe mbele ya jengo letu hugeuka rangi ya mlenda, na mfanyakazi wa usafi huyapiga brashi moja moja. Nani atakuja kumpigia mama mawe brashi Kibada?

Muuzaji tuliyesimama kwake kwa muda mrefu alikuwa mzee wa Kikantoni, Kimandarini chake kimevunjika kama changu. Akauliza nyumba iko wapi. Nikamwambia Feizhou, Afrika, Tanzania. Akatazama mafungu yake, akanitazama mimi, akauliza bila kejeli yoyote: "Kwenu hakuna mawe?"

Baba Zuhura alicheka. Mimi nilikosa la kumjibu. Tukanunua mfuko mmoja wa mawe meupe kama mfano wa kumwonyesha mama, na Baba Zuhura akaubeba begani mpaka kituoni, watu wakitushangaa.

Usiku ule alikaa na kikokotoo chake. Uwanja wa mbele ni mita za mraba 160. Mawe ya mapambo yanataka kina cha sentimita 5, la sivyo mchanga unachungulia. Hiyo ni mita 8 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hiyo ni tani 12: mifuko 480 kama ule tuliobeba. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, lakini ukilijaza mawe mpaka juu litapita tani 45, na kontena pamoja na mzigo wake halitakiwi kuzidi tani 30 na kidogo. Ndiyo maana kontena la mawe husafiri likiwa tupu karibu nusu, na sehemu hiyo tupu unailipia. Mwenye kutuma mzigo kidogo kidogo kwa wakala, anayezoea kulipia kwa CBM, asidhani mawe yatapita kwa hesabu ya nafasi. Yatapimwa kwa mizani.

Lakini Baba Zuhura hakukata tamaa. Yeye angeyalaza mawe chini na kupandisha juu nguo, viatu na vyombo vya plastiki vya wateja, uzito na nafasi vikafidiana. Akanikumbusha kwamba mabaharia wa kwetu wana neno lao, farumi, mzigo mzito unaowekwa tumboni mwa chombo ili kisipinduke. "Mawe yamesafiri baharini kabla hatujazaliwa," alisema. Kwa hesabu alikuwa sahihi. Ilibaki kumwonyesha mwenye nyumba.

WhatsApp huku ina shida zake, kwa hiyo mama tumemfundisha kutumia WeChat. Zuhura alimtumia bibi yake picha ya mfuko uliofunguliwa, na nyingine kutoka mtandaoni ya uwanja mweupe wa nyumba moja ya kifahari. Baada ya kuamkiana mama akauliza, "Haya mawe ya nani?"

"Ya kwako mama. Ya uwanja."

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, taratibu, "Mwanangu, mbona mnanitandikia kaburi ningali hai?"

Mama ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Kwao, na sehemu nyingi za pwani, kokoto nyeupe zina mahali pake, na mahali hapo ni juu ya kaburi. Watoto huziokota ufukweni, huoshwa, hutandazwa juu ya udongo wa marehemu. Nami nilifanya hivyo kwa babu. Wala si jambo la jana. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na ya 15 katika visiwa vya Kilwa, uliomo pamoja na Kilwa Kisiwani kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, walikuta vikokoto vyeupe vya kwatzi, na sarafu pia, vimewekwa kwenye makaburi. Mtu aliyekulia Kivinje ukimwonyesha uwanja mzima umetandazwa kokoto nyeupe, mbele ya mlango anaoingilia na kutokea, haoni hoteli.

Baba Zuhura, ambaye kwao ni Songea, hilo hakulijua, na haikuwa haki kumtegemea alijue. Alipoelewa alipendekeza mawe ya kijivu. Lakini mama alikuwa na swali la pili: "Na ufagio wangu nitaupeleka wapi?"

Msomaji uliyelelewa kwenye nyumba yenye uwanja wa mchanga hulazimiki kuelezwa. Kwa wenzangu mliozaliwa ghorofani: alfajiri, kabla ya chai, uwanja hufagiwa kwa ufagio wa chelewa, majani ya mkungu yakakusanywa, mchanga ukabaki na mistari ya chelewa kama nywele zilizochanwa. Uwanja uliofagiwa unasema nyumba ina mtu na mtu huyo ameamka salama. Majirani hutazama. Saa mbili ikifika uwanja wa mama haujafagiwa, kuna atakayebisha hodi kuuliza kulikoni. Kwenye kokoto ufagio wa chelewa haufanyi kitu; majani yananasa katikati ya mawe, yanaoza, yanageuka udongo, na magugu yanaota humo. Wenye bustani za mawe hutumia reki au mashine ya kupuliza majani. Mama wa miaka 72 na mashine ya kupuliza majani!

La tatu nililiongeza mimi, nalo ni la miguu yake. Kwenye bustani za umma hapa Guangzhou utakuta vijia vilivyosimikwa mawe ya mviringo katika saruji, wazee wakivipita pekupeku au kwa soksi, wakiamini mawe yanakanda nyayo. Wazee wa jengo letu wanaapa kwayo. Lakini mtu mwenye sukari, ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi, anaweza kujichubua bila kuhisi, na kidonda cha mguu kwa mwenye sukari si cha kuchezewa. Tena mawe ya mviringo yasiyosimikwa huteleza chini ya mkongojo kama gololi. Kama una mzazi wa namna hii, njia yake iwe bapa na ngumu, hata kama picha za mtandaoni zinasema vingine.

Katikati ya mjadala huu nilikwenda Barabara ya Jiaoyu, wilaya ya Yuexiu, kutazama mawe ambayo nilikuwa nimeyasikia tu. Ni bustani ndogo, unaweza kuipita bila kuiona. Mwaka 917 Liu Yan alijitangaza mfalme na kuifanya Guangzhou mji mkuu wa dola inayojulikana kama Han ya Kusini. Alichimbisha ziwa, akapamba kisiwa chake kwa mawe ya maumbo ya ajabu, na inasimuliwa kwamba waliokuwa na makosa waliweza kujikomboa kwa kuyaleta mawe hayo, mengine kutoka Ziwa Tai, mbali kaskazini-mashariki. Dola ile iliangushwa mwaka 971. Ziwa sehemu kubwa limefukiwa, limebaki jina la mtaa, Xihu, Ziwa la Magharibi. Mawe yaliyobaki ni machache, yamesimama kwenye maji ya kina kifupi, yametobokatoboka kama matumbawe ya Unguja. Katika jiwe moja kuna maandishi ya Mi Fu, mwandishi wa hati za sanaa wa karne ya 11, ambaye husimuliwa kuwa alilipigia magoti jiwe na kuliita kaka.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilipomsimulia Baba Zuhura habari ya wakosaji na mawe yao, alisema, "Sisi hatujaua mtu." Lakini alicheka kidogo tu.

Maana alijua ninamfikiria nani. Mama yangu mdogo aligonga kokoto Kunduchi Mtongani kwa miaka mingi. Wakazi wa Dar mnawajua wanawake wale: wamekaa chini ya kipande cha turubai, jiwe limeshikwa kwa pete ya mpira wa tairi lisiruke, nyundo inapanda na kushuka kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Vipande huruka machoni. Vumbi huingia kifuani. Kokoto hupimwa kwa ndoo, na ndoo zikitosha lori linakuja. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza mpaka cha nne, ilitoka kwenye ndoo zile, kwa sababu baba alikuwa mgonjwa na mama alikuwa akimuuguza Kivinje. Sasa nyumba imesimama, na sisi tunataka kuvusha tani 12 za mawe ya Kichina kwenye Bahari ya Hindi, yashuke bandarini, yavuke kwenda Kigamboni, mama mdogo aje siku ya kuhamia ayakanyage. Hakuna ambaye angesema neno. Mama mdogo angeyasifia. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Nikampigia. Siku hizi hagongi tena, mgongo umekataa. Anakusanya za wenzake na kutafuta wateja. Nikamwambia nataka kokoto za uwanja wa dada yake. Nilitegemea atafurahi, na alifurahi, kisha akaanza kunihoji kama mhandisi. Paa lina mifereji ya maji? Halina. Mchanga ni mwepesi? Ni mwepesi. Gari litaingia? Litaingia. Akanipa bei, na bei ilikuwa juu kidogo ya ile niliyokuwa nimeisikia. Nilipomwuliza bei ya ndugu iko wapi, akasema hiyo ndiyo bei ya ndugu, mtu baki analipa papo hapo, ndugu anasema nitatuma mwisho wa mwezi.

Halafu akanipa ushauri ambao muuzaji mwingine asingenipa. Mawe ya Kunduchi ni ya matumbawe, asili yake ni chokaa, ni laini. Yanafaa chini ya paa, ambako hakuna uzito. Kwa mahali pa gari nichukue kokoto za Lugoba, kule njia ya Chalinze, mwamba wake ni mgumu. Yaani alijipunguzia biashara mwenyewe. Ukikutana na muuza mawe wa namna hiyo, Fangcun au Kunduchi, usimwache.

Mpango uliofanyika ni huu, na nauandika kwa vipimo kwa sababu unafaa kwa nyumba nyingi za pwani zisizo na mifereji ya paa. Kuzunguka nyumba yote, pale maji ya paa yanapodondokea, fundi alichimba mfereji wa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 10, ukiinama kidogo kutoka ukutani, kama sentimita moja kwa huo upana wote. Mzunguko ni mita 44, kwa hiyo kokoto zilizoingia ni mita 2.2 za ujazo, kama tani 3 na ushee. Kazi yake ni kuvunja nguvu ya maji: tone halichimbi shimo, tope halirukii ukuta, na rangi ya chini haichafuki kila masika. Upande wa nje ulizuiwa kwa tofali zilizosimikwa wima, kwa kuwa kokoto zisizo na ukingo hutembea. Mahali pa gari, mita 3 kwa 6, tuliweka kokoto za Lugoba za robo tatu inchi. Hapo zinatakiwa zenye kona, maana kona hushikana. Za mviringo hubingirika chini ya tairi na baada ya mwezi una mitaro miwili. Kutoka geti mpaka barazani ni vitofali vya pevingi, bapa, njia ya mama na mkongojo wake. Sehemu yote iliyobaki, zaidi ya nusu ya uwanja, ni mchanga. Unafagiwa.

Kilichopanda kontena kutoka China kwa ajili ya uwanja ule ni roli moja ya kitambaa cha kutandika chini ya kokoto, kile kinachopitisha maji na kuzuia mchanga usipande na mawe yasizame. Roli nzima niliinyanyua mwenyewe. Wengine hutandika nailoni badala yake. Maji husimama juu ya nailoni, na chini ya kokoto panakuwa dimbwi usiloliona, mbu wanaliona.

Na kwa kuwa nimetaja mbu, neno kwa wanafunzi na wote mnaopanga vyumba hapa, ambao uwanja wenu ni kibaraza cha ghorofa ya kumi na tano. Mkoa huu wa Guangdong ulipata mlipuko mkubwa wa homa ya dengi mwaka 2014, wagonjwa zaidi ya 45,000, wengi wao wa jiji hili. Dar nayo imeshaonja dengi, mwaka 2014 na tena 2019. Ndiyo maana watu wa kamati ya mtaa hugonga mlango wakati wa joto kuangalia visahani vya chini ya vyungu. Msikasirike. Mbu wa dengi huzaa kwenye maji kidogo sana, hata ya kisahani. Jazeni visahani changarawe mpaka juu. Maji yanayochuruzika hukaa katikati ya mawe, mbu hapati uso wa maji wa kutagia. Na mkitandaza kokoto juu ya udongo wa mrehani au mchaichai wenu, udongo hautaruka mnapomwagilia na hautakauka upesi. Kwa kazi hiyo kilo mbili tatu zinatosha. Osheni kwanza.

Ule mfuko wetu wa mfano ndio uliokuwa ukifanya kazi hiyo kibarazani. Zuhura naye alikwisha kuchagua mawe kumi na mawili ya ukubwa mmoja akawa anacheza mdako sakafuni, mpaka bibi mmoja wa Kichina wa ghorofa ya chini akamwona, akaketi na kumwonyesha kwamba kwao nao wanao, wanauita zhua shizi, na akamshinda. Tukadhani habari ya mawe meupe imeishia hapo.

Mama amehamia Kibada mwezi wa sita. Wiki ya pili alipiga simu mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi kwa sababu husema vocha yetu ni ghali, nasi hatujafaulu kumweleza kwamba WeChat haina vocha. Alisifia mahali pa gari. Akasema mama mdogo alikuja, akachota kokoto za chini ya paa kwa kiganja, akazirudisha, akasema wagongaji wa siku hizi hawana subira, saizi hazilingani. Kisha akauliza, yale mawe meupe mliyonionyesha mliyatupa?

Nikamwambia hatukuyatupa.

"Basi nitumie kidogo. Ya babako kule Kivinje yamekwisha kufukiwa na mchanga. Yasiwe ya kubadilika rangi."

Jumapili ile tulikaa kibarazani mimi, Zuhura na Baba Zuhura, na chupa ya siki, msumari na beseni. Kila jiwe lilikwaruzwa na kudondoshewa. Yaliyotoa povu yalirudi kwenye vyungu. Mengi yalitoa povu. Ilichukua saa tatu, na katika mfuko wa kilo 25 tulipata yasiyozidi kilo 4 yaliyonyamaza. Baba Zuhura, mwenye mazoea ya tani, aliyapima mara mbili kwenye mizani ya jikoni, akayafunga kwenye taulo. Kijana mmoja anayesoma hapa alikuwa anakwenda likizo na begi lake lilikuwa na nafasi ya kilo 5. Nikamwambia ni mawe, asije akashangaa wakimfungua uwanja wa ndege. Akaniuliza ni mawe ya nini. Nikamweleza. Akatoa viatu vyake jozi moja kwenye begi, akavivaa, akaniachia ndala.